Nusu Dakika ya Ulyankulu

Ulyankulu mzinga ni wa nyuki. Muulize mwenyeji anayo mizinga mingapi, atakwambia arobaini, na kwamba nusu yake bado nyuki hawajaingia kwa kuwa mwaka huu maua ya miyombo yalikuwa haba. Ni gogo lililotobolewa, ama gome lililobanduliwa zima kwenye mti, likakunjwa kurudia umbo lake, likafungwa kamba na kutundikwa tawini. Wazee wa pwani walipoiona mara ya kwanza mirija ya chuma inayotapika moto ubavuni mwa meli, hawakuhangaika kutafuta neno. Waliangalia umbo: mwili mrefu wa mviringo, mdomo mmoja, na ndani kitu kisichotaka kuguswa ovyo. Wakaita mzinga, yakaisha.

Nimeanzia kwa nyuki ili msomaji asije akanidai baadaye. Vita ninavyotaka kuvieleza vilikuwa na maboma, na upande mmoja peke yake ulikuwa na bunduki 1,500, lakini mzinga wa moto haukuwamo. Huo ulifika kupiga maboma ya Unyamwezi miaka ishirini na ushei baadaye, nami nitaufikia. Kilichokuwamo Ulyankulu siku ya 6 Agosti 1871 ni ufundi wa watu watatu: mjenga boma, mshindilia bunduki, na mtu anayejua kulala nyasini bila kukohoa. Kila nikiisoma upya habari ya siku ile naona huyu wa tatu ndiye aliyewaelewa wenzake wawili kuliko walivyojielewa wenyewe.

Ulyankulu iko kaskazini-magharibi mwa Tabora, siku hizi ndani ya Wilaya ya Kaliua. Watanzania wengi wameisikia kwa jambo jingine: makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyofunguliwa mwaka 1972. Wao na watoto wao, pamoja na wenzao wa Katumba na Mishamo, zaidi ya watu 160,000, wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Walikimbia mauaji ya ndugu kwa ndugu, wakaja kufyeka pori ambalo miaka mia moja nyuma ndugu walikuwa wakiuana humohumo.

Maana hivi vilikuwa vita vya nyumbani, ingawa vitabu hupenda kuviita vita vya Waarabu na Mirambo. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, alirithiwa na Mnywa Sele, naye akataka wafanyabiashara wa Tabora walipe ushuru. Wakamng'oa, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sele akaingia porini, akapigana miaka kadhaa, mpaka 1865 alipokamatwa na kukatwa kichwa. Tangu hapo kila mtemi wa Unyamwezi alijua kwamba kiti chake kinaweza kuuzwa sokoni Tabora. Mmoja aliyelitia jambo hilo moyoni ni kijana wa Uyowa, Mtyela Kasanda, aliyeunganisha Uyowa na Ulyankulu na kuendelea kumeza majirani mpaka nchi ikaitwa Urambo, kwa jina lake la vita. Mirambo, kwa Kinyamwezi, ni maiti.

Mwaka 1871 alisimamisha msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji, akadai hongo: vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Alipopewa, akawaambia warudi walikotoka. Angalia alichokiomba. Watemi wengine njiani walitaka nguo, shanga na waya. Huyu alitaja baruti kwanza.

Tabora ikakasirika. Jeshi likakusanyika Mfuto, na kwa bahati nzuri kwetu kulikuwa na mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akienda kumtafuta Livingstone na ambaye njia yake ilizibwa na ugomvi huu. Akajitia vitani na watu wake 50. Orodha aliyopewa na Mwarabu mmoja, Thani bin Abdallah, inaonyesha watu 2,255, na kati yao 800 walikuwa wa mtemi Mkasiwa, wengine 300 wa machifu waliojitegemea. Waarabu wenyewe walikuwa wachache wa kuhesabika. Nikitazama hesabu hiyo naona Wanyamwezi wakienda kupigana na Wanyamwezi, huku mwenye duka akishika bendera.

Bunduki 1,500 hizo zilikuwa mchanganyiko wa ajabu: magumegume, bunduki za mitutu miwili kutoka Ujerumani na Ufaransa, Enfield chache za Waingereza, Springfield za Wamarekani. Mtunza ghala yeyote wa jeshi anajua maana yake. Risasi ya huyu haiingii kwa yule. Ya yule inaingia kwa huyu lakini inacheza ndani kama harage kwenye debe. Baruti ilikuwa tele. Watu wa Stanley walipewa kila mmoja ya kupiga mara 60, na wengine mara 100.

Sasa tuseme habari ya boma.

Wasafiri wa karne ile waliopita Unyamwezi walikaribia kuchoka kuyaeleza maboma. Kila kijiji cha maana kilikuwa nalo. Kazi inaanza na mtaro mwembamba unaokizunguka kijiji, na nguzo za mti mgumu, ule unaomshinda mchwa, zinasimamishwa humo bega kwa bega na kufungwa kwa kamba za magome. Udongo uliochimbwa unashindiliwa kwenye miguu ya nguzo, kwa hiyo mtaro haubaki tupu na nguzo haitikisiki. Hapo fundi wa haraka angemaliza. Fundi wa Kinyamwezi anarudi na kupanda minyaa kwa nje.

Mnyaa ni mti wa ajabu kuukabidhi ulinzi. Hauna miiba ya kutisha, hauna shina la kuzuia ng'ombe mkaidi. Una vijiti vya kijani vinavyovunjika kwa kuguswa, na ndani yake maziwa. Utomvu huo ukikuingia jichoni utalia usiku kucha, na wako waliopofuka. Mtu anayekuja na shoka kukata njia mpaka kwenye nguzo anajirushia mwenyewe. Na tofauti na nguzo, ambayo kila mwaka inazidi kuoza, mnyaa kila mwaka unazidi kunenepa. Boma la miaka kumi lina nguvu kuliko la mwaka mmoja. Mafundi wengi wangependa kazi yao izeeke hivyo.

Ndani ya nguzo ziko nyumba. Tembe hujengwa likigusa ukuta, paa lake bapa limefunikwa udongo, kwa hiyo mshale wenye moto hauna nyasi za kuunguza. Kwenye ukuta yanaachwa matundu ya kupigia bunduki, na tundu zuri ni jembamba nje na pana ndani: mpigaji anageuza mtutu kulia na kushoto, lakini aliye nje anaona ufa tu. Lango linapitisha mtu mmoja, au ng'ombe mmoja asiye na haraka.

Kisha liko lango jingine, upande wa pili. Hili ndilo ninalotaka ulikumbuke. Wavuvi wa pwani wanalo dema: samaki anaingia kwa mdomo mmoja, na kutoka hakuna. Boma lenye lango moja ni dema, na samaki ni mwenye boma. Mtu anayejenga ukuta wa nguvu namna ile kisha akauwekea mlango wa kutokea amekwisha kukiri kwamba siku moja ataliacha. Kwa kukiri huko, ukuta unageuka. Unakuwa chombo cha kumchelewesha adui na kumshughulisha mikono, wakati wewe uko mahali pengine. Mirambo alikuwa hodari wa jambo hilo kuliko jirani yeyote.

Fundi wa pili ni mwenye gobori. Ukipata bahati ya kukaa na mwindaji wa zamani, mwenye bunduki yake ya kibali, mwombe akuonyeshe bila baruti. "Baba, hebu nionyeshe pole pole." Usishangae akikwambia, "Tazama mkono, mwanangu, bunduki iache." Na kweli, kazi yote iko mkononi.

Kitako kinatua chini, mtutu unaelekea mbinguni. Tayari umeona ugumu wa kwanza: lazima mtu asimame, au angalau achutame akiwa ameinua mikono. Hawezi kulala kifudifudi. Anashika pembe ya baruti, anang'oa kizibo kwa meno, anamimina kwenye kipimo, na kutoka kwenye kipimo mdomoni mwa mtutu. Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti. Kwa uzani wa mia, 75 ni shura, 15 makaa, 10 kiberiti, na chembe zake zinapenda unyevu kama chumvi. Anafuatisha donge la nyuzi za gome au kitambaa. Anauchomoa mdeki chini ya mtutu, anaugeuza, anashindilia. Hapa sikiliza. Mara ya kwanza mdeki unatoa sauti nzito, ya kitu kinachozama. Ya pili nzito kidogo. Ya tatu au ya nne unaruka wenyewe na kulia kama kijiko kwenye kikombe. Baruti imekaa. Mwenye pupa anayeishia kwenye sauti ya pili atapata mlio mkubwa na risasi ya kuangukia miguuni.

Sasa risasi, kisha donge jingine juu yake isije ikabingirika nje akiinamisha mtutu. Mdeki tena. Kisha urudishwe mahali pake, na si jambo dogo: katika vurugu wako waliousahau ndani, wakaufyatua ukaenda na risasi, wakabaki na rungu la bei ghali. Kama bunduki ni gumegume, anavuta nyuma ile nyundo inayobana jiwe, nusu tu, anafungua kisahani cha pembeni, anatia baruti ya kuwashia kiasi cha kubana kwa vidole, anafunika, na kuomba upepo usivume. Kama ni ya fataki, anakitafuta mfukoni kijikofia cha shaba kidogo kama punje ya mahindi na kukivisha kwenye chuchu ya bunduki, kwa vidole vyenye jasho. Anainua. Analenga. Anafyatua, na moshi mweupe unamfunika asione alichokipiga.

Askari wa Ulaya aliyefundishwa uwanjani, mwenye baruti iliyokwisha kupimwa na kufungwa kwenye karatasi, alitarajiwa kupiga mara tatu kwa dakika. Mtu wa baruti ya pembe, njiani, amechoka, ameogopa, tumhesabie nusu dakika na tutakuwa tumemhurumia. Tena masizi yanazidi kuganda ndani ya mtutu kila anapopiga, na mdeki unazidi kukaza. Bunduki ya mitutu miwili haibadilishi hesabu hiyo. Inakupa milio miwili, na baada yake kimya kirefu maradufu.

Ndani ya kimya hicho ndimo Mirambo alimopigania vita vyake.

Alikuwa na bunduki naye, tena nyingi, na vijana wake wa rugaruga walizitumia vizuri. Stanley alipokutana naye ana kwa ana mwaka 1876, wakachanjia udugu, Mirambo alimweleza kwamba anapendelea kwenda vitani na vijana wasiooa. Lakini hakuitupa silaha ya baba zake. Wengi waliopata bunduki karne ile waliuona mkuki kama kitu cha kizamani, cha kumwachia mchunga mbuzi. Yeye aliweka vyote viwili, kila kimoja na saa yake. Mkuki hauna moshi, haupigi kelele, hauulizi kama nyasi zina umande. Na kwa hatua tano una kasi kuliko kidole chochote kinachotafuta fataki mfukoni.

Waarabu walianza kwa ushindi. Walilizingira Zimbizo, kijiji chenye boma, wakapiga matundu kwa matundu, na walinzi wakatokea upande wa pili. Siku ya 6 Agosti kijana Saud bin Said bin Majid, pamoja na Waarabu wengine kama ishirini, aliongoza watu 500 kuelekea Ulyankulu yenyewe, ambayo Stanley aliiandika Wilyankuru, kwa kuwa ilisemekana Mirambo yuko huko. Alikuwako kweli, na mwanawe pia. Washambuliaji wakalichukua boma kwa muda mfupi sana. Walipokuwa wakiingia, Mirambo alikusanya watu wake akatoka.

Simama hapo kidogo. Ndani ya boma alikuwa ameacha pembe za ndovu zaidi ya mia moja, marobota 60 ya nguo, na watu mia mbili au tatu waliotekwa utumwa. Hakuna simulizi linalosema aliviacha kama chambo, nami sitalitunga. Huenda hakuwa na jinsi. Lakini alijua viliko, alijua uzito wake, na alijua njia ya kurudi Zimbizo ni moja. Fanya hesabu ambayo yeye aliifanya. Pembe nzuri ni mzigo kamili wa mtu mmoja. Robota la nguo ni mzigo kamili wa mtu mwingine. Mizigo zaidi ya 160, hata kama mateka walibebeshwa sehemu, na mateka nao wanahitaji wa kuwaswaga. Jeshi la watu 500 lililotoka asubuhi na mikono 1,000 mitupu likawa msafara wa biashara, na bunduki zikarudi mabegani zinakotundikwa msafara ukiwa salama. Mtu amebeba pembe, anaimba, anahesabu fungu lake.

Mirambo alilaza watu wake nyasini, pande zote mbili za njia. Nakuomba uupime uamuzi huo kwa jicho la fundi. Pande mbili! Kama angewapa bunduki, wa kulia wangewapiga wa kushoto. Shambulio la pande mbili, kwa umbali wa mkono, linawezekana kwa mkuki peke yake. Kwa hiyo silaha na mahali vilichaguliwa pamoja, na aliyevichagua alikuwa ametoka kufukuzwa nyumbani kwake saa chache kabla. Agosti ni kiangazi, nyasi zimekauka, kila anayejikuna anasikika. Mamia ya vijana walilala humo wakiwaona ndugu zao mateka wanapita kwa kamba, wakangoja msafara uingie wote.

Wakainuka. Saud, ambaye hata Stanley alimsifu kwa ushujaa, alifyatua mitutu yake miwili, na watu wawili wakaanguka. Alikuwa anashindilia tena mkuki ulipompitia mwilini kutoka upande huu hadi huu. Waarabu wenzake wote waliuawa, na zaidi ya nusu ya kikosi. Waliobaki walitupa kila kitu wakakimbilia msituni, wakazunguka mbali na kurudi Zimbizo jioni, ambako Stanley alikuwa kitandani na homa. Akaandika majina ya watu wake waliokufa. Mmoja, mtu wa Useguha, aliitwa Baruti.

Jeshi la watu 2,255 lilivunjika kwa hofu, likarudi Mfuto mbiombio, kisha kila mtu akashika njia yake. Tarehe 22 mwezi uleule Mirambo akaingia Tabora pamoja na washirika wake, Watuta. Mwarabu wa Tabora, Khamis bin Abdallah, alitoka kumkabili na watumwa 80 wenye silaha. Walimkimbia, akauawa, na robo ya mji ikateketea.

Siku hizo Stanley alifanya kitu ambacho, kwa ufundi, nakipa heshima yake. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, aligeuza tembe alilokuwa akikaa kuwa ngome. Kuta zilikuwa na unene wa futi tatu. Akatoboa matundu, akachimba mahandaki nje, akabomoa vibanda na kukata miti ambayo adui angejificha nyuma yake, akaweka maji na chakula ndani, akakusanya bunduki kama 150. Mirambo hakuja. Wapo wanaosema alimwogopa Mzungu. Mimi nasema alikuwa fundi, na fundi haendi kugonga ukuta uliosafishwa mbele yake ukaachwa bila unyasi. Alipojisahau na kwenda kulivamia boma la Mfuto, alipigwa vibaya na kupoteza wakubwa wake watatu. Tembe hilo la Kwihara, lililojengwa upya, ndiyo makumbusho ya Livingstone ya leo. Wageni wanaonyeshwa chumba alicholala mmisionari, na wachache huuliza habari za matundu.

Sisemi Mirambo alikuwa mtu mwema. Watu waliofungwa kamba ndani ya boma la Ulyankulu hawakujileta, na vijiji vilivyochomwa na rugaruga wake havikuwa vyote vya maadui. Vita viliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1870, na njia ya msafara ikaziba na kufunguka kwa amri yake. Alikufa kwa maradhi tarehe 2 Desemba 1884, hakuuawa na mtu.

Mzinga niliouahidi uliingia na Wajerumani. Mwaka 1892 waliushambulia mji wa mtemi Isike wa Unyanyembe, kando ya Tabora, wakashindwa. Wasomaji waliozoea sinema hudhani mzinga ukilia ukuta unaanguka. Ukuta wa mawe, ndiyo, unapasuka. Udongo uliokandwa na kukaushwa kwa jua miaka nenda rudi unameza: kombora linazama, linaacha shimo, na ukuta unabaki umesimama na tundu jipya la kupigia bunduki. Walirudi Januari 1893 chini ya Tom von Prince, yule ambaye wenyeji walimwita Sakarani, na safari hii askari waliingia kwa kuparamia kuta, si kwa kungoja mzinga uzibomoe. Isike hakutoka kwa lango la nyuma. Alikwenda kwenye ghala lake la baruti akaiwasha.

Kilichobadilika kati ya 1871 na 1893, kwa maoni yangu, si mzinga. Ni ile nusu dakika. Askari wa Kijerumani alikuwa na bunduki inayotiwa risasi kwa nyuma, baruti na risasi vikiwa pamoja ndani ya ganda moja la shaba. Anafungua, anatia, anafunga, anapiga, na anaweza kufanya yote hayo akiwa amelala chini. Mdeki, pembe, donge la gome, vyote vimekwenda. Shamba ambalo Mirambo alilima maisha yake yote lilifyekwa na mtengeneza bunduki wa Ulaya ambaye hakuwahi kulisikia jina lake.

Lakini si lote. Tarehe 17 Agosti 1891, miaka ishirini na siku kumi na moja baada ya Ulyankulu, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilikuwa kikipita Lugalo, Uhehe, na bunduki hizohizo mpya, na mizinga, na bombom. Mizinga ilikuwa imefungwa juu ya punda. Wahehe walikuwa wamelala vichakani kando ya njia na mikuki yao. Zelewski akafa, na wengi wa kikosi chake pamoja naye. Mzinga ulioko mgongoni mwa punda ni mzigo, sawa na pembe ya ndovu begani mwa mtu anayeimba.

Ukienda Ulyankulu, nenda Agosti, nyasi zikiwa kavu. Utaona mizinga juu ya miti na utauziwa asali nzuri. Kabla ya kurudi, toka kwenye barabara, simama kwenye kinjia cha miguu chenye nyasi pande mbili, utazame saa yako na uhesabu mpaka thelathini. Usiharakishe. Ukifika kumi utaanza kugeuza shingo.